Mtoto wa Miaka Minne na Mtihani wa Kuingia Nasari

Maandiko: 1 Samweli 1:20-28, 1 Samweli 2:18-19, Marko 9:36-37

Jumapili iliyopita katika ibada ya pili nilianza neno hili, muda ukanifunga, na wengi wenu mkaniomba niliandike. Nimeliandika, na nimeongeza yale niliyoogopa kusema madhabahuni.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Msichana wetu alipofikisha miaka minne, nilimpeleka katika shule moja ya kibinafsi hapa mjini ili aanze PP1. Kabla ya kumchukua walitaka afanyiwe mtihani mdogo. Nilijiandaa kama mtu anayetafuta kazi. Wiki mbili nzima nilimkalisha mezani kila jioni: andika jina, hesabu hadi hamsini, hii ni rangi gani, sema kwa Kiingereza. Akisinzia, namwamsha. Siku ilipofika, mwalimu akamwonyesha kadi yenye picha ya ng'ombe na kumwuliza ni nini. Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake, na hakusema neno hadi tulipotoka.

Ndani ya matatu nilimgombeza, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, lakini nilimgombeza. Akaniangalia akaniuliza, "Baba, nimefeli?" Mke wangu hakungoja nijibu. Alimwambia, "La, mama. Aliyefeli leo ni baba."

Tangu siku hiyo nina swali ambalo limekataa kuniacha. Tunaposema tunamwandaa mtoto kwa shule, tunamwandaa kwa nini hasa, na kwa ajili ya nani?

Sheria na walimu wanasema nini

Kwanza tuweke mambo ya kawaida sawa, kwa sababu wazazi wengi huja ofisini na maswali haya. Katika mtaala wa CBC, ulioanza nchi nzima Januari 2019, mtoto hukaa chekechea miaka miwili, PP1 na PP2, kwa kawaida akiwa na miaka minne na mitano, kisha anaingia Gredi ya Kwanza akiwa na miaka sita. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama atapokelewa. Mtihani unaruhusiwa tu kama ni wa kujua darasa linalomfaa. Sheria hiyo hiyo inakataza kiboko. Na katiba ya 2010 iliweka chekechea mikononi mwa kaunti. Ndiyo maana mwalimu wa PP1 katika shule ya umma hapa Nakuru ni wa serikali ya kaunti, na yule wa Gredi ya Kwanza, mlango wa pili tu, ameajiriwa na TSC. Kwa hivyo ukiona darasa la chekechea halina madawati wala choo cha watoto, usimlaumu mwalimu mkuu peke yake. Nenda kwa MCA wako, na siku ya wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, fika.

Sasa, mtoto aliye tayari ni yupi? Katika kanisa hili tuna walimu wa chekechea kadhaa, na niliwauliza. Nilidhani wataniambia ABC. Hakuna hata mmoja aliyeanza na ABC. Mmoja alisema, "Pasta, niletee mtoto anayeweza kusema anataka choo." Mwingine akasema, "Niletee anayeweza kungoja zamu yake, anayeweza kusikiliza hadithi hadi mwisho, anayejua kuwa mama akienda atarudi." Wa tatu alinishangaza zaidi. Alisema vidole vya mtoto vinahitaji nguvu kabla ya kushika penseli, na nguvu hiyo haitoki kwenye penseli. Inatoka kwenye kumenya njegere, kuchambua maharagwe, kukanda unga wa chapati na kuchezea matope. Mtoto anayelazimishwa kuandika kabla vidole havijakomaa anajifunza kitu kimoja haraka sana, kwamba shule ni maumivu.

Kuna jambo lingine hapo. Mtaala unasema mtoto mdogo afundishwe kwa lugha ya mahali anapoishi. Ukienda Kaptembwo, Rhonda au Bondeni, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Ukienda vijijini kule Subukia au Mauche, itakuwa lugha ya nyumbani. Lakini sisi wazazi wa mjini tunawakataza watoto kuongea lugha wanayoielewa, tunawapa Kiingereza cha kukariri, halafu tunashangaa kwa nini mtoto hana la kusema. Msichana wangu alijua ng'ombe vizuri sana. Amekamua na shosho wake kule Njoro. Lakini siku hiyo alikuwa ameagizwa asiseme Kiswahili, na aliyemwagiza ni mimi.

Hesabu ya mtu wa biashara

Mnajua kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisomea biashara, kwa hivyo lazima nipige hesabu. Na hesabu ya jambo hili ipo. Mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan kule Marekani, walimu walianzisha darasa la watoto wadogo wa familia maskini za watu weusi. Watoto walikuwa 123. Kwa kura, 58 waliingia darasani na 65 wakabaki bila, kisha wote wakafuatiliwa hadi wakawa watu wazima wa miaka arobaini. Mchumi James Heckman wa Chicago, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2000, alirudia hesabu zile na wenzake. Waliona kwamba kila pesa iliyowekwa kwa watoto wale ilirudisha kati ya asilimia 7 na 10 kila mwaka. Wale waliopitia darasa walimaliza shule zaidi, wakapata mapato bora, wakakamatwa na polisi mara chache zaidi.

Nikiwa chuoni ningekomea hapo, nikapiga makofi. Lakini kuna mambo mawili ambayo watu wa shule za kuuza karo hawayasemi. La kwanza, ule werevu wa kupimwa kwa mtihani, ambao watoto wale walionekana kuwashinda nao wenzao, ulififia baada ya miaka michache. Kilichobaki kilikuwa tabia: kuvumilia, kujizuia, kuanza kitu na kukimaliza. La pili, walimu wale hawakungoja mtoto aje darasani peke yake. Kila wiki walienda nyumbani kwake wakaketi na mama yake. Darasa lilikuwa na mlango wa pili, na mlango huo ulifungukia jikoni.

Sisi wenyewe tuna somo kama hilo karibu. Januari 2003 serikali ya Rais Kibaki ilipoondoa karo ya shule ya msingi, furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini nasari ilibaki ya kulipia. Wazazi wengi maskini wakapiga hesabu: kwa nini nilipe huku chini, na huko juu ni bure? Wakawatoa watoto nasari, wengine wakawakalisha nyumbani, wengine wakawapeleka darasa la kwanza moja kwa moja. Siwalaumu. Mimi pia ningepiga hesabu ile ile. Nasema tu kwamba mtoto ambaye msingi wake ulirukwa ndiye aliyelipa tofauti.

Lakini mtoto si shea

Hapa ndipo roho yangu ilinigusa, na naomba mnivumilie.

Hesabu ya Heckman ni nzuri kupeleka kwa kaunti, kwa sababu serikali inaelewa lugha ya faida. Lakini tukiifanya kuwa sababu ya kumpenda mtoto, tumepotea. Katika ibada yetu kuna mama anayekaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Mtoto wake ana miaka sita na bado hawezi kutembea wala kushika kijiko. Mama huyo aliniuliza, bila hasira, "Pasta, sasa wangu akiandaliwa, faida yake itarudi lini?"

Nilinyamaza. Kwa sababu kama tunamwandaa mtoto ili arudishe, basi mtoto asiyeweza kurudisha ni hasara, na hasara katika biashara hukatwa. Hakuna mtu katika kanisa hili anayeamini hivyo. Lakini tazama jinsi tunavyoishi. Nani amewahi kumualika mtoto huyo kwenye sherehe ya watoto? Sande Skuli yetu iko juu ya ngazi kumi na moja.

Katika Marko 9 wanafunzi walikuwa wanabishana nani ni mkubwa. Bwana hakuwapa somo la uongozi. Alimchukua mtoto, akamweka katikati yao, akamkumbatia, na kusema kwamba anayempokea mmoja wa namna hii amempokea Yeye. Hakutaja mtoto huyo angekuwa nani baadaye. Hatujui kama alikuja kuwa mtume au mvuvi wa kawaida. Alipokelewa siku ile kwa sababu alikuwa pale.

Kwa hivyo jibu langu kwa yule mama, ambalo nilichelewa kumpa, ni hili: tunamwandaa mtoto kwa sababu ni haki yake kupokelewa vizuri mahali anapoingia, awe atarudisha au hatarudisha. Na kwa upande wa vitendo, kuna vituo vya EARC, vilivyoanza mwaka 1984 kwa ajili ya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza kwa shule inayowafaa. Mzazi mwenye mtoto kama huyo aje ofisini, tutaenda pamoja.

Hana na ile kanzu ndogo

Sasa turudi kwa Hana, kwa sababu yeye ndiye mzazi wa kwanza ninayemfikiria ninaposikia habari ya kumpeleka mtoto shule.

Hana alikuwa na Penina. Mnajua Penina. Kila mwaka alimchokoza hadi akalia na kukataa kula. Mungu alipompa Samweli, Hana alikuwa na nafasi nzuri ya kumtumia mtoto kumfunga Penina mdomo. Siku hizi tungesema angemvalisha joho na kofia ya mahafali akiwa na miaka mitano, ampige picha, aweke kwa status. Mimi sipingi picha. Napinga kumbebesha mtoto vita vya mzazi. Wengi wetu hatuwatumi watoto shuleni, tunawatuma kwa Penina.

Hana alifanya mambo matatu. Kwanza, hakuharakisha. Elkana alipopanda kwenda Shilo na nyumba yake yote, Hana alibaki. Alisema mtoto akiachishwa kunyonya ndipo atampeleka, na mumewe akakubali. Alikuwa na nadhiri kwa Mungu, na hata hivyo alijua kuna wakati wa mtoto.

Pili, hakutoweka. Biblia inasema mwaka baada ya mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea. Nimelitafakari jambo hili sana. Ili umshonee mtoto kanzu lazima ujue kipimo chake. Mwaka huu mabega yamepanuka kiasi gani, mikono imerefuka kiasi gani. Hana aliishi mbali na bado alijua kipimo. Wengine wetu tunalala nyumba moja na watoto na hatujui. Tunajua karo ni ngapi. Hatujui mtoto anaogopa nini.

Tatu, alimtoa kwa Mungu kweli kweli, bila kudai faida.

Na mbele ya Hana yuko Eli, ambaye hadithi yake inanitisha mimi kama mtumishi. Eli alimlea mtoto wa mwenzake vizuri. Samweli alipoitwa usiku, ni Eli aliyemfundisha jinsi ya kuitika. Lakini Hofni na Finehasi, wanawe wa kumzaa, walimshinda. Mchungaji, mwalimu, muuguzi, polisi, sisi tunaohudumia watoto wa watu mchana kutwa, tuombeane.

Na yule anayetoka saa kumi na moja?

Najua mtu ameshaguna. "Pasta, Hana alikuwa na Elkana. Mimi niko peke yangu, gari la kampuni ya maua linapita saa kumi na moja asubuhi." Umesema kweli. Kuanzia Naivasha hadi hapa mjini kuna akina mama ambao wakiambiwa wakae na mtoto, wanaambiwa wasile. Mtoto anaachwa kwa jirani anayelea kwa malipo ya siku, watoto wengi katika chumba kimoja, mlango umefungwa ili wasitoke barabarani. Mama huyo hana dhambi. Anayestahili kuulizwa ni yule aliye na nafasi.

Na sisi tuna nafasi. Ukumbi wetu wa Sande Skuli unafungwa Jumapili saa nane na haufunguliwi tena hadi kwaya ije Jumamosi. Siku tano kamili, viti vidogo vinakalia vumbi.

Mwaka jana niliwapelekea wazee wa kanisa mpango wa biashara wa kurasa kumi na nne. Tuanzishe akademi. Karo ya kueleweka, basi la manjano, yunifomu yenye nembo ya kanisa, na katika miaka mitatu paa jipya. Wazee walifurahi. Kisha shosho mmoja, ambaye amefundisha Sande Skuli tangu kanisa likiwa la mabati, aliinua mkono. "Kijana wangu," akasema, "hawa watoto wanaokuja hapa Jumapili, ni wangapi wataweza kuingia kwa huo mlango Jumatatu?"

Nilienda nyumbani na rejista, nikahesabu nikilinganisha na karo yangu. Hawakufika nusu. Nilikuwa nimeandika, kwa mahesabu safi, jinsi ya kuwatoa watoto wetu kwenye viti vyao na kukalisha watoto wa wenye uwezo.

Nisiwadanganye kwamba jibu ni rahisi. Shosho alikuwa sawa, na bado kuna ukweli ambao biashara ilinifundisha: kitu cha bure kisicho na mwenyewe hufa. Mwalimu lazima alipwe, na alipwe kwa wakati. Choo lazima kiwe salama, vibali lazima vipatikane, uji unahitaji unga. Tukianza kwa hisia na kufunga baada ya miezi minne, tutakuwa tumewaumiza wale akina mama mara mbili. Kwa hivyo nimeondoa mpango wa kwanza, na nimeandika wa pili, mfupi. Tuanze na watoto wachache, wale ambao mama zao wanatoka mapema zaidi. Mlezi mmoja aliyesomea kazi hiyo na msaidizi mmoja. Mzazi alipe kile anacholipa sasa kwa jirani, asizidishiwe, na pengo lijazwe na ahadi zetu. Mchezo, hadithi, nyimbo, uji, usingizi. Na wapande ngazi bila shida, yaani tuanze kwa kujenga njia ya mtoto wa yule mama wa kiti cha nyuma. Mpango huu hauna paa jipya. Mvua ikinyesha tutasogeza viti kama tulivyozoea. Utajadiliwa katika mkutano wa washirika, na wewe unayesoma una kura.

Kuna mtu anasema, kwa watoto wangu muda umeshapita. Mkumbuke mzee Kimani Maruge wa kule Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na miaka 84, amevaa kaptura na soksi. Moja ya sababu zake ilikuwa kutaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mlango wa Mungu haufungwi na umri. Lakini miaka themanini ni muda mrefu wa kumngojesha mtu nje.

Ya kufanya wiki hii

Zima simu dakika ishirini kila jioni na umsimulie mtoto hadithi kwa lugha ya nyumbani. Mpe maharagwe achambue, hata akimwaga. Mwache avae viatu mwenyewe, hata akikosea mguu. Usimlinganishe na mtoto wa jirani mbele yake. Na kama huna mtoto mdogo, mwangalie jirani yako anayetoka kabla ya jua.

Msichana wangu yuko PP2 sasa, katika shule ya umma karibu na nyumbani. Juzi alinichorea ng'ombe mwenye miguu mitano. Nilimwuliza mguu wa tano ni wa nini. Akasema, "Ni wa kupumzikia, baba." Sikurekebisha.

Tuombe: Baba, tusamehe pale tulipowabebesha watoto kiburi chetu. Tupe macho ya Hana ya kujua kipimo chao. Tufungue mikono, na ukumbi huu pia, kwa wadogo uliotuletea. Katika jina la Yesu, Amina.

Mchungaji Msaidizi